Kununua PS4 iliyotumika na gemu zake bila kupigwa

Wanunuzi wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi huanza kwa kusaka mashine ya bei poa, kisha gemu. Akaunti wanaikumbuka siku ya mwisho, tena mara nyingi wanatengenezewa na muuza duka. Malalamiko mengi yanazaliwa hapo: kadi ya kujaza hela kwenye akaunti inakataa, nyongeza ya gemu haifunguki, gemu zilizokuja na mashine zinapigwa kufuli baada ya mwezi. Geuza mpangilio. Akaunti kwanza, halafu mashine, pedi na diski. Habari na matangazo ya gemu mpya yanafuata baada ya hayo, kwa sababu karibu yote yameandikwa kwa mnunuzi wa Marekani au Ulaya, na ahadi zake hazikufikii wewe zikiwa zile zile.

Akaunti na nchi yake

PlayStation Network (PSN), mtandao wa Sony wa akaunti na duka la gemu, haijafunguliwa rasmi Tanzania, Kenya wala Uganda. Ukijisajili, orodha ya nchi haina ya kwako. Mei 2024 dunia nzima iliona maana yake: Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PSN, gemu hiyo iliacha kuuzwa Steam, duka la gemu za kompyuta, katika nchi zaidi ya 170 ambako PSN haipo, na baada ya siku chache za kelele za wachezaji sharti hilo likafutwa. Mtu wa Ulaya alikasirikia usumbufu wa kujisajili. Mtu wa Arusha au Kisumu hakuwa na pa kujisajili.

Kwa hiyo wachezaji wa kwetu hufungua akaunti ya Marekani, Uingereza, Falme za Kiarabu au Afrika Kusini. Jua kwamba masharti ya Sony yanataka uandike nchi unayoishi, hivyo ukikwama huna utetezi mzuri mbele ya huduma kwa wateja. Jua pia kwamba nchi ya akaunti ya PSN haibadilishwi kamwe. Ukikosea, unafungua nyingine, na gemu ulizonunua zinabaki kule kule.

Chagua nchi kwa maswali mawili. Kadi za nchi gani zinapatikana kwa urahisi na kwa bei ya haki unakoishi? Na diski unazoziona madukani zimetoka wapi? Diski zinazopitia Dubai au Uingereza zina alama ya PEGI kwenye jalada, ile yenye namba 3, 7, 12, 16 au 18. Za Marekani zina alama ya ESRB yenye herufi kama E, T au M. Diski yenyewe ya PS4 itacheza kwenye mashine yoyote, haina mpaka. Mpaka upo kwenye nyongeza: wachezaji wa ziada, ramani mpya, pointi za gemu ya mpira ya EA Sports FC. Nyongeza ya duka la Marekani haitafunguka kwenye diski ya Ulaya hata kama jina la gemu ni lile lile.

Kulinganisha ni kazi ya dakika moja. Ubavuni mwa jalada la diski ya PS4 kuna namba inayoanza na CUSA, ikifuatiwa na tarakimu tano. Fungua ukurasa wa nyongeza hiyo kwenye tovuti ya PlayStation kwa simu, utazame anwani iliyo juu: ndani yake kuna herufi mbili kisha namba ya CUSA. UP ni Marekani, EP ni Ulaya, JP ni Japani. Namba ya kwenye anwani ikilingana na ya kwenye jalada, nunua. Isipolingana, acha. Umeshakuwa na diski ya Ulaya na akaunti ya Marekani? Fungua akaunti ya pili ya Uingereza bila malipo, nunua nyongeza huko, kisha ifanye mashine yako kuwa ya msingi (Primary PS4) kwa akaunti hiyo pia. Watumiaji wote wa mashine wataitumia.

Kadi nazo zinafuata nchi ya akaunti. Msimbo wa kadi una herufi na tarakimu 12, na wa Marekani hauingii kwenye akaunti ya Uingereza. Ingiza msimbo ukiwa bado mbele ya muuzaji. Halafu kuna jambo linalowaudhi wengi: kadi ya dola 70 haitoshi kununua gemu ya dola 69.99 ikiwa anwani uliyoandika iko kwenye jimbo linalotoza kodi ya mauzo, maana kodi inaongezwa mwishoni kabisa, unapobonyeza kulipa. Duka la Uingereza huonyesha bei ambayo kodi imeshaingia, na unacholipa ndicho unachokiona.

Kabla hujaweka hata senti, andika kwenye daftari la karatasi: barua pepe ya akaunti, jina la mtumiaji, tarehe ya kuzaliwa uliyoijaza na namba ya utambulisho ya mashine (serial number) iliyo kwenye kibandiko chake. Hayo ndiyo unayoulizwa ukipoteza akaunti. Washa uthibitisho wa hatua mbili na unakili misimbo ya dharura wanayokupa. Akaunti uliyotengenezewa na muuza duka kwa barua pepe yake ni ya muuza duka.

Mashine: kuikagua mezani

Ubebe vyako: waya wa HDMI unaojua ni mzima, diski unayojua inacheza, flashi, spika za masikioni za waya na simu yenye bando. Mawinga (madalali) wa Kariakoo watakuambia kila kitu kimeshapimwa. Wapishe kwa heshima na upime mwenyewe. Kwa muuzaji mwaminifu huu ni muda wa saa moja tu, na anayekataa saa hiyo ameshakupa jibu.

Igeuze usome kibandiko. CUH-1000, 1100 na 1200 ni ile nene ya kwanza, iliyotoka 2013 na kuendelea. CUH-2000 na kuendelea ni Slim ya 2016. CUH-7000, 7100 na 7200 ni Pro. Tofauti zinazokugusa nyumbani ni hizi: nene inashika Wi-Fi ya GHz 2.4 tu, na mtaani kwenye ruta nyingi hilo ni foleni. Slim na Pro zinashika pia GHz 5. Slim haina tundu la sauti la optiko, hivyo kama sabufa yako inategemea tundu hilo, tafuta nene au Pro. Umeme usikutishe: kibandiko kikisema 100–240V, mashine ya Marekani itakula umeme wa kwetu bila transfoma. Badilisha waya tu. Nene na Slim zinatumia ule waya wa redio wenye matundu mawili. Pro za 7000 na 7100 zinatumia waya kama wa kompyuta ya mezani.

Tazama skrubu za nyuma. Zimefichwa chini ya vibandiko vidogo. Vikiwa vimetoka, mashine imefunguliwa, na hilo peke yake si kosa: PS4 ya miaka kumi ambayo haijawahi kusafishwa vumbi ni mbaya kuliko iliyofunguliwa na fundi makini. Uliza ilifunguliwa kwa nini, kisha utazame vichwa vya skrubu. Vikiwa vimekwaruzwa na kulika, aliyefungua alitumia bisibisi isiyo yake, na huenda ndani napo alifanya kazi hivyo hivyo.

Iguse kabla haijawashwa. Uikute ya baridi. Mashine iliyopashwa moto kabla hujafika inaweza kuficha hitilafu inayojitokeza inapowaka kwa mara ya kwanza. Ukiiwasha, mwanga wa bluu unapumua kidogo kisha unakuwa mweupe. Ukibaki bluu ukipumua bila picha, weka chini uondoke; sababu inaweza kuwa kebo, hadi diski (hard disk) au ubao mkuu, na kutafuta ni ipi si gharama yako. Picha ikitokea, shika kichwa cha HDMI ukitingishe kwa upole. Ikikatika, tundu limelegea. Fundi mzuri hulibadilisha, ila bei ya fundi itoke kwenye bei ya mashine.

Kisha diski yako. Iingize, isubiri isomwe, itoe. Rudia mara tatu. Kisoma diski kinachochoka husoma mara ya kwanza na kukataa ya tatu, au hutema diski chenyewe. Chomeka pedi na flashi kwa zamu kwenye matundu yote ya USB.

Sasa intaneti. Washa hotspoti ya simu, ingia Settings, Network, halafu Test Internet Connection. Majibu yanakuja mstari kwa mstari. Intaneti ikifaulu na PSN ikikataa, kuna uwezekano wa mambo mawili. La kwanza, programu ya mashine ni ya zamani na inadai kusasishwa. La pili, mashine imefungiwa na Sony kwa makosa ya mwenyewe wa awali, na kifungo hicho kinafuata mashine, si akaunti. Namna ya kuyatenganisha ni kusasisha kisha kuingia kwa akaunti yako mwenyewe. Muuzaji akikuzuia kusasisha, umeshapata jibu: imechipiwa, yaani imefunguliwa kufuli za Sony ili icheze gemu zisizolipiwa.

Mashine iliyochipiwa inabaki kwenye toleo la zamani, kwa kawaida kama 9.00 au 11.00, na ndani wamejaza gemu thelathini. Haiendi mtandaoni bila hatari ya kufungiwa, na diski mpya zinazodai toleo la juu zaidi hazitacheza. Waliotengeneza gemu hizo hawakulipwa. Na anayekuuzia mara nyingi hakuambii kwamba kwa matoleo mengi ya namna hiyo utalazimika kurudia mchakato wa kuifungua kila unapoizima kabisa. Kama unataka kucheza na watu mtandaoni, hiyo si mashine yako kwa bei yoyote.

Mwisho, iweke kazini. Gemu nzito, dakika thelathini, bila kuigusa. Feni kupiga kelele ni kawaida kwa nene na Pro za kwanza, na kelele hupungua sana ikisafishwa na kupakwa pesti mpya ya joto. Kuzima yenyewe au kuwasha taa nyekundu si kawaida. Picha ikianza kuwa na vidoti au mistari ya rangi, tatizo liko kwenye chipu, na hapo hakuna la kupunguziwa bei.

Gemu zinazokuja ndani

Tangazo linasema "PS4 na gemu 12 ndani". Gemu hizo huwa zimewekwa kwa akaunti ya mtu mwingine, ambaye ameifanya mashine kuwa ya msingi kwake ili kila mtumiaji azifungue. Siku ya kununua zote zinacheza. Tatizo ni kwamba mwenye akaunti anaweza kuziondoa mashine zote kwa mbali, kupitia tovuti, mara moja kila miezi sita, na wapo wanaouza akaunti hiyo hiyo kwa watu wengi kisha wanaondoa wa zamani. Unachokiona ni kikufuli kidogo pembeni ya jina la gemu. Watu hukimbilia Restore Licenses, na haiwezi kusaidia, kwa sababu leseni si yao.

Hakuna jaribio la dukani litakalokuonyesha hayo mapema. Kwa hiyo zihesabu gemu hizo kuwa sifuri, ulipe bei ya mashine tupu. Ukifika nyumbani ingia Settings, Initialization, Initialize PS4. Njia ya haraka inachukua dakika chache, ile kamili inachukua saa kadhaa, na kwa mnunuzi ya haraka inatosha. Inauma kufuta gemu 12. Ila mashine yenye akaunti ya mgeni ni mashine ambayo mgeni bado ana ufunguo wake.

Pedi

Pedi bandia za DualShock 4 ndizo zinazojaa kwenye vibanda, nyingi zikiwa kwenye boksi linalofanana na la asili. Rangi na nembo zimeigwa vizuri, hivyo acha kutazama, anza kupima.

Fungua sehemu yoyote ya kuandika maneno kwenye PS4, kwa mfano kutafuta gemu dukani. Kibodi ikitokea, bonyeza R3, yaani kijiti cha kulia kwenda chini. Sasa inamisha pedi kushoto na kulia: kielekezi kinatakiwa kutembea juu ya herufi kikifuata mkono wako. Pedi nyingi bandia hazina kihisi cha mwendo, na kielekezi kinasimama palepale kama picha. Endelea hapo hapo: telezesha kidole kwenye kibao cha kugusa, kisha chomeka spika za masikioni kwenye tundu la pedi usikilize kama sauti inahama. Pedi ya kizazi cha pili, CUH-ZCT2, inaonyesha pia mstari mwembamba wa mwanga juu ya kibao cha kugusa.

Kwa vijiti kuhama vyenyewe, fungua kivinjari cha intaneti cha PS4 na uiache pedi mezani. Mshale ukitembea bila mtu, kijiti cha kushoto kimechoka. Halafu ndani ya gemu ya mpira, zungusha kijiti polepole mduara mzima. Mchezaji anatakiwa kugeuka taratibu. Akiruka kwa pembe nane tu, kama saa yenye tarakimu nane, pedi ni bandia au kijiti ni cha bei ya chini.

Pedi isiyoshika mashine haijafa mara zote. Nyaya nyingi za micro-USB zilizoko majumbani ni za chaji tupu, hazipitishi data, hivyo pedi inachaji lakini haijitambulishi. Jaribu waya uliokuja na simu ya zamani ambayo ilikuwa inahamisha picha kwenda kompyuta. Ikishindikana, nyuma karibu na kitufe cha L2 kuna kitobo: bonyeza ndani kwa ncha ya pini kwa sekunde tano, kisha unganisha tena kwa waya na ubonyeze kitufe cha PS.

Waya huo wa data utunze. Siku mashine itakapogoma utauhitaji kwenye Safe Mode, ile hali ya kutengenezea mashine iliyogoma, kwa maana huko pedi haifanyi kazi bila waya. Unaingia kwa kuzima mashine kabisa na kushikilia kitufe cha kuwasha hadi usikie mlio wa pili, baada ya sekunde saba hivi. Chaguo la 5, Rebuild Database, halifuti gemu, na hutibu mashine inayosuasua. Ukipata kosa la CE-34878-0 kwenye gemu moja tu, ifute uipakue upya. Likitokea kwenye gemu zote, shuku hadi diski au joto.

Hadi diski ya PS4 ni ya kawaida ya inchi 2.5 ya SATA yenye unene usiozidi milimita 9.5, ile ile ya laptopu. Watu hukwama si kwenye kuibadilisha bali kwenye faili la kuweka programu upya. Tovuti ya PlayStation ina mafaili mawili yenye jina moja, PS4UPDATE.PUP. La kusasisha ni dogo, takriban nusu ya lile la kusakinisha upya, ambalo linazidi GB 1. Kwenye hadi diski tupu unahitaji lile kubwa. Flashi iwe ya FAT32 au exFAT, ndani yake folda iitwayo PS4, ndani ya hiyo folda UPDATE, zote kwa herufi kubwa, na faili ndani. Kisha Safe Mode, chaguo la 7. Ukiambiwa faili halionekani, kagua tahajia ya folda kabla ya kulaumu flashi. Simu ikilipakua mara ya pili hulibadilisha jina likawa na (1) mwishoni, na mashine hailitambui.

Diski

Diski bado ni ununuzi bora kwetu. Gemu kubwa ni GB 40 hadi zaidi ya 100, na anayelipia bando kwa GB anajua hesabu hiyo. Diski unaiuza tena, unabadilishana na jirani, haihitaji kadi ya nchi yoyote. PS5 yenye kisoma diski itazicheza karibu zote za PS4, hivyo hela yako haipotei ukihama. Mwenye PS5 Slim au Pro ajue kwamba kisoma diski kinachonunuliwa peke yake kinadai intaneti mara ya kwanza kinapofungwa.

Ielekeze diski kwenye mwanga. Mikwaruzo myembamba inayotoka katikati kwenda ukingoni haina neno sana. Inayozunguka kufuata mduara ndiyo inayokatisha usomaji. Kisha iwekwe kwenye mashine na iachwe inakili hadi 100%. Ikikwama kwenye asilimia ile ile mara mbili, hapo ndipo penye jeraha. Gemu inayofunguka kwa dakika tano haijathibitisha kitu, kwa kuwa PS4 huruhusu uanze kucheza kabla haijamaliza kunakili.

Tazama pia idadi ya diski. Red Dead Redemption 2 na The Last of Us Part II za PS4 zina diski mbili kila moja: ya data inasakinishwa kwanza, ya kucheza ndiyo inayobaki ndani. Madukani huuzwa moja peke yake kwenye jalada lisilo lake, kwa bei nzuri inayovuta. Haitakusaidia kitu. Kwenye Nintendo Switch 2, iliyotoka 5 Juni 2025, kuna jambo geni zaidi: baadhi ya majalada yana kadi ya ufunguo tu, na gemu yote unaipakua. Onyo limeandikwa mbele ya jalada, sehemu ya chini. Lisome kabla ya kutoa hela, maana anayenunua kadi akidhani amekwepa bando hakukwepa chochote.

Kwa mpira: jina la FIFA liliishia FIFA 23, na tangu Septemba 2023 gemu za EA zinaitwa EA Sports FC. Kila toleo hutoka mwishoni mwa Septemba, na hupunguzwa bei kabla mwaka haujaisha. Anayecheza na wenzake sebuleni hana sababu ya kulinunua wiki ya kwanza. Anayetaka kucheza mtandaoni aongeze PS Plus, usajili wa kulipia wa Sony, kwenye hesabu yake. eFootball ya Konami ni ya bure na haidai PS Plus, na kwa mtu anayeanza na hela kidogo hiyo ndiyo njia ya haki kabisa. Anayelipia PS Plus kwa ajili ya gemu za kila mwezi ajue kwamba Sony walitangaza kuwa kuanzia Januari 2026 gemu za PS4 si sehemu kuu ya zawadi hizo tena.

Kusoma habari kabla ya kununua

Bei kwanza. Agosti 2025 Sony walipandisha PS5 Marekani kwa dola 50, toleo lisilo na diski likafika dola 499.99. Hiyo si bei yako, na wala muuzaji wa Nairobi anayezidisha si lazima awe mwizi. Chukua dola 500, weka mfano wa usafiri dola 60, uwe na 560. VAT ya Tanzania ni 18%, hivyo dola 100.8, ya Kenya ni 16%, dola 89.6. Ushuru wa forodha unaingia kabla ya VAT na kuikuza. Faida ya duka bado. Fanya hesabu hii, kisha ulinganishe na bei ya duka: ikiwa chini sana ya jumla yako, uliza imepita njia gani na warranti ni ya nani.

Kisha ubora. Cyberpunk 2077 ilitoka 10 Desemba 2020, na kabla ya siku hiyo wakaguzi walikuwa wamepewa toleo la kompyuta tu. Sifa zilijaa kila mahali. Walioinunua kwa PS4 wakakuta picha zilizochoka na gemu inayojizima, na wiki moja baadaye Sony wakaiondoa kwenye duka lao hadi Juni 2021. Kila ukaguzi una mstari unaosema ulifanywa kwenye mashine gani. Utafute huo kabla ya alama. Ukisoma sifa za PS5 nawe una PS4 nene, hujasoma chochote kuhusu gemu utakayoicheza. Ukisubiri wiki mbili utaona video za watu wenye mashine kama yako.

Gemu za mtandaoni peke yake zina hatari nyingine. Concord ilitoka 23 Agosti 2024 na kuzimwa 6 Septemba mwaka huo huo. Walionunua walirudishiwa hela. The Crew ya Ubisoft, ya 2014, ilizimwa seva 31 Machi 2024, na diski zake zimebaki kuwa duara la plastiki. Kwa soko letu la mitumba hili ni kubwa kuliko linavyoandikwa, kwa sababu diski ya namna hiyo bado inazunguka madukani ikiwa na jalada safi. Jalada likisema intaneti ya kudumu inahitajika, tafuta kwa simu kama seva bado ziko hewani.

Kuagiza mapema sikuoni kuwa na faida kwa aliye mbali na duka. Gemu ya kidijitali haiishi dukani. Ukiagiza hata hivyo kwenye PlayStation Store, unaweza kufuta kabla ya siku ya kutoka. Gemu ya kawaida unarudishiwa ndani ya siku 14 kama hujaanza kuipakua, hivyo zima upakuaji wa kiotomatiki. Steam ni waungwana zaidi: siku 14, na usiwe umecheza saa mbili.

Na GTA VI. Rockstar walitangaza 2025, wakasogeza hadi 26 Mei 2026, kisha Novemba 2025 wakasogeza tena hadi 19 Novemba 2026. Imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S. Haikutangazwa kwa PS4 wala kwa simu. Anayekuuzia diski ya "GTA 6 ya PS4" anakuuzia San Andreas au GTA V iliyobadilishwa jalada, na faili la APK lenye jina hilo linalozunguka kwenye magrupu linaweza kuwa na nia ya kuingia kwenye simu ambayo M-Pesa yako iko humo.